Beseni la Baba Valerian

Nyasubi, Kahama
10 Machi 1996

Dada Aneth, shikamoo.

Kwa heshima kubwa na kwa kifua kilichojaa fahari, natangaza kwako, kwa ukoo mzima, na kwa yeyote anayekuchungulia begani ukisoma, kwamba mdogo wako Bartholomeo, fundi cherehani na baba wa watoto wanne, amenunua beseni. La plastiki. La buluu. Linaingia miguu yote miwili bila vidole kukunjwa. Beseni hili halitafuliwa nguo, halitaoshewa vyombo, wala mtoto hatalipindua alikalie akijifanya dereva. Ni la miguu yangu. Usicheke, nakusikia kutoka huku.

Watoto wazima. Valerian amevunja sauti, sasa ananijibu kama vile mimi ndiye mpangaji wake. Kulwa na Doto bado wanagombana nani alitangulia kuzaliwa, na kila mmoja ana ushahidi. Minza amefika umri wa maswali. Juzi kaniuliza kama kuku wana baba. Jirani yetu Mama Bhoke anakusalimu, anasema uliondoka na mwiko wake.

Sasa beseni limetoka wapi. Unamjua Jasumati, mke wa Harish, huyu ambaye cherehani yangu iko barazani pa duka lake. Kila mwezi ana siku moja anajifungia chumbani tangu asubuhi mpaka jua lizame, hasemi neno na mtu hamgongei. Hata Harish siku hiyo anatembea kwa ncha za vidole. Nilimuuliza, "Mama anaumwa?" Akasema, "Hapana fundi, amenyamaza tu. Kesho atasema ya siku mbili." Jioni mama anashuka na uso kama wa mtu aliyetoka safari nzuri. Kwake ni mambo ya dini, hayo namwachia mwenyewe. Mimi nilichotamani ni ule mlango.

Maana dada, tangu mwaka juzi sijawahi kuwa peke yangu hata chooni. Minza anasimama nje ya mlango ananisimulia.

Basi nataka siku moja. Nyumbani kwangu, mlango umefungwa, miguu kwenye maji. Unanishaurije? Na wewe unakuja lini? Ulisema baada ya mavuno. Hukusema ya mwaka gani.

Barua hii anayo Taufiq, dereva wa Harish anayewaletea bidhaa huko machimboni.

Mdogo wako,
Bartholomeo


Rwamgasa
21 Aprili 1996

Batoromeo mdogo wangu, marahaba. Mwangaluka kwa watoto wote.

Barua yako nimeipata inanuka dizeli. Taufiq ameilaza chini ya kiti chake mpaka alipokumbuka kwamba binadamu huwa wanasubiri majibu.

Huku tupo. Vijana wanaingia duarani alfajiri, wakitoka huko chini wanataka ugali kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma kuchimba. Wanakula vizuri, wanashukuru, "wabeja", wanaondoka. Wananiita Mama Ntilie, wengine Bibi. Jina langu nalisikia kwenye barua zako tu, kwa hiyo uwe unaliandika mara nyingi.

Mwambie Mama Bhoke mwiko ninao na unafanya kazi.

Kuhusu beseni nimecheka, kisha sikucheka. Fanya hivyo. Watoto wapeleke kwa jirani. Mlango funga kweli kweli, si wa kurudishia. Maji yawe ya vuguvugu na utie chumvi. Na hizo nywele zinyoe. Una msitu kichwani tangu uliponyoa kwenye matanga ya Generosa. Taufiq anasema kutoka mbali unaonekana umebeba mzigo. Nyoa zote, kichwa kipate hewa.

Ila kuna jambo nimeliona. Barua yako ni ndefu. Ina beseni, ina kuku, ina mke wa Harish. Generosa mkeo hayumo. "Tangu mwaka juzi," unasema. Mwaka juzi kulikuwa na nini, mvua?

Kuja nitakuja. Kwa masika haya barabara haipitiki.

Dada yako,
Aneth


Nyasubi, Kahama
2 Juni 1996

Dada Aneth, shikamoo. Aneth, Aneth, Aneth. Hizo ni za akiba.

Nashukuru kwa habari za barabara isiyopitika. Taufiq naye ameshangaa, maana hupita humo humo.

Watoto wanaendelea. Valerian amefaulu mtihani wa nusu muhula na amefeli kufua soksi. Minza amepata jibu la kuku kwa Mama Bhoke, na jibu hilo sasa analisambaza mtaa mzima.

Naleta taarifa ya majaribio. Mara ya kwanza nilijifungia chumbani Jumapili baada ya kanisa. Sijamaliza hata kuvua viatu, Kulwa na Doto wakapanda ndoo dirishani, nikawasikia wanatangazia wenzao, "Njooni, baba anapika miguu!" Mara ya pili Minza alilia nje ya mlango mpaka nikamfungulia. Akatumbukiza miguu yake, pacha nao wakatumbukiza, mimi nikabaki nimekaa pembeni miguu mikavu, nawashikia taulo. Mara ya tatu nilisubiri wawe shuleni. Ndiyo kwanza nimefumba macho, mteja akapitisha suruali dirishani. "Fundi, wewe endelea tu kukaa. Mimi naeleza hapa hapa."

Beseni lenyewe kwa sasa liko kwenye harusi. Aliliazima nani, sijui.

Unaona basi. Tatizo langu ni kwamba kila mtu anajua nilipo. Mtu akijulikana alipo, haishi kuitwa. Na ajabu ni kwamba jioni wakishalala wote, ukimya unakuja wenyewe bila kualikwa, na huo siutaki. Huo nauwashia redio.

Swali lako nimeliona. Ndiyo, mvua ya mwaka juzi ilikuwa nyingi.

Unakuja lini?

Bartholomeo


Rwamgasa
14 Julai 1996

Kwa ndugu Bartholomeo,

Salamu nyingi. Anayeandika ni mteja, mimi natamka, kwa kuwa jikoni nimebanwa na kazi. Mimi ni mzima. Biashara inakwenda. Usije huku, vumbi ni jingi na watoto watakohoa. Wewe fanya hiyo siku yako kama nilivyokuelekeza. Nyoa.

Nimemwambia mteja aandike kwamba nawakumbuka, amesema nafasi imekwisha, lakini nafasi ninaiona.

Aneth


Nyasubi, Kahama
26 Agosti 1996

Dada Aneth, shikamoo.

Watoto wote wazima. Mama Bhoke mzima. Harish na mkewe wazima. Beseni limerudi, lina alama ya pilau ukingoni.

Naripoti kwamba mapumziko yamefanyika na yamefanikiwa. Nilinyoa kama ulivyoagiza. Nilifunga mlango. Maji yalikuwa ya vuguvugu, chumvi nilitia, nikasinzia kidogo. Watu wachache walipita kunisalimia. Basi, hayo tu. Nawashauri wazazi wote wajaribu.

Taufiq amesema kwamba safari iliyopita amekuona umefunga mkono kitambaa, na kwamba umemtukana kwa sauti kubwa sababu ya kuchelewesha mchele. Dada, sijawahi kufurahi hivyo kusikia kwamba mtu katukanwa.

Mkono umefanya nini? Kwa nini barua yako iliandikwa na mteja? Sitauliza unakuja lini. Niandikie tu. Hata mstari mmoja, ilimradi uwe wa mkono wako.

Bartholomeo


Rwamgasa
6 Oktoba 1996

Batoromeo, marahaba.

Mkono ni wangu, ila ni wa kushoto, ndiyo maana herufi zinatembea kama walevi wa hapa siku ya malipo. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo kila jioni. Usiisome haraka, haikuandikwa haraka.

Mwezi wa sita karai la mafuta ya maandazi lilinipindukia mkono wa kulia. Sasa umepona, vidole viwili bado vinakataa kukunjika. Nilipoungua nililala kibandani. Siku za mwanzo vijana walikuja, wakachungulia, wakakuta moto umezimika, wakaenda kwa mama ntilie mwingine. Siwalaumu, mtu mwenye njaa anafuata moshi. Basi nikayapata hayo mapumziko unayoyahangaikia. Mlango umefungwa. Kimya. Hakuna anayegonga, hakuna anayeuliza kuku wana baba au hawana. Nilikuwa nasikiliza bati likilia ta, ta, jua linapopanda, na likilia tena jua linaposhuka. Hiyo ndiyo siku. Kesho yake hivyo hivyo. Nikawa nakuonea wivu, wewe na suruali yako ya dirishani.

Sikukuambia, maana ungekuja na watoto wanne na beseni.

Na kuhusu kuja. Barabara inapitika. Ilikuwa inapitika hata mwezi wa nne. Nikija kwenu nitashindwa kuondoka, hiyo ndiyo sababu. Na mtu wa umri wangu kuomba kona katika nyumba ya mdogo wake, mimi sijui maneno yake huwa yanaanzaje. Nimeyajaribu peke yangu kwa sauti, yananishinda.

Sasa zamu yako. Taufiq ameniambia kwamba mwezi wa nane mlinililia Nyasubi. Mimi! Alikuwa anacheka mpaka akaegemea gari. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Mengine muulize mwenyewe."

Nakuuliza. "Watu wachache walipita kunisalimia," ndivyo ulivyoandika. Niambie kilichotokea.

Aneth


Nyasubi, Kahama
3 Novemba 1996

Dada Aneth, shikamoo, na pole ya mkono. Leo sina tangazo.

Kwanza kona. Ipo, karibu na dirisha la uani. Minza ameshalala hapo kuijaribu na anasema inafaa. Maneno ya kuomba usihangaike nayo, mimi ndiye ninayekuomba. Taufiq hurudi na gari tupu kila safari, na kiti cha mbele nimeshamwambia akifute. Njoo na mwiko wa watu.

Sasa hilo jingine. Nitalieleza lilivyokuwa.

Niliona kosa langu ni kutangaza. Safari hii nikaamua nisimwambie mtu. Jumamosi asubuhi nikamuaga Harish, nikamwambia, "Leo sitakuja, nina jambo la familia." Nikawapeleka watoto kwa Mama Bhoke. "Naomba washinde kwako."

"Kuna nini, Baba Valerian?"

"Kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Jambo tu, mama."

Ningesemaje? Mwanaume mzima nimwambie jirani kwamba nataka kukaa? Nikaenda kwa Ignas kinyozi, nikamwambia anyoe zote. Naye aliuliza, naye nikamwambia ni jambo. Nilipokatiza sokoni nikiwa na upara, watu walikuwa wananipisha njia. Wanawake wa nyanya wakashusha sauti. Dada, nilidhani nimependeza.

Hapa mtaani hawajawahi kuniona na upara ila mara moja, na unajua ni lini. Sasa wamwone fundi amenyoa, watoto kawahamisha, cherehani imefunikwa, mlango na dirisha vimefungwa mchana kweupe. Na wote wanajua ndugu niliyebaki naye ni wewe, na wote waliniona kila gari la Taufiq likiingia naacha kitambaa kwenye sindano nakimbilia barua. Walihitaji kuambiwa nini tena?

Mimi nikatia maji, nikatia chumvi, nikakaa. Dakika za mwanzo zilikuwa tamu, sitadanganya. Halafu nikaanza kuisikia nyumba. Unajua Generosa alikuwa na tabia ya kuvuta kiti cha jikoni kwa mguu, kinakwaruza sakafu? Nikakaa nikikisubiri kikwaruze. Ndivyo nilivyosinzia, miguu ndani ya maji, nasubiri kiti.

Nikaamshwa na kilio. Si cha mtu mmoja. Nikasikia, "Aneth jamani! Aneth!" Nikafungua mlango miguu ikichuruzika maji. Uani moto umeshawashwa, sufuria la msiba limekwisha kuletwa, mikeka imetandikwa, Harish amesimama na kofia mkononi. Mama Bhoke akanikumbatia, akasema, "Pole, baba. Pole sana."

Nikaelewa kwamba taarifa imefika. Kwamba ile barua ya mwandiko wa mteja ilikuwa inanificha kitu, na sasa kitu kimefika, na wamekijua kabla yangu. Nikakaa chini, pale pale kwenye tope la miguu yangu, na nikakulilia dada yangu kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo.

Baada ya muda Mama Bhoke akaniinamia. "Alifariki lini, baba?"

"Si ndiyo mniambie ninyi!"

"Sisi? Tukuambie nini? Si wewe uliyenyoa?"

"Nilinyoa kwa sababu ya joto!"

Ndipo Taufiq, aliyeingia Kahama asubuhi ile na alikuwa amejificha nyuma akiogopa misiba, akasema, "Aneth yupi? Wa Rwamgasa? Juzi tu kanitukana mpaka babu zangu."

Watu walicheka, dada. Walicheka kwa kushikana mabega. Mwingine akasema ugali umeshasongwa, hauwezi kurudi kuwa unga. Nami nilitaka kucheka, nikafungua mdomo, kikatoka kile kile kilio. Hakikukatika. Wakawa wananiambia, "Baba Valerian, dada yako mzima, umesikia? Mzima!" Nasema nimesikia. Na nalia.

Mama Bhoke ndiye aliyetambua. Akawageukia wale waliokuwa wanakunja mikeka, akasema, "Kaeni. Tandikeni. Mwacheni amalize." Jasumati akaja akakaa karibu yangu, hakusema neno, ila ile kwake ni kazi anayoiweza.

Maana wakati ule, mwaka juzi, nani alilia? Nilitafuta lori la kwenda kumzika Generosa kijijini Samuye. Nilishona mwenyewe gauni lake la kuzikwa, na nikawa naangalia pindo limenyooka. Nilishona na nguo za watoto nyeusi. Minza alikuwa hataki kushuka mgongoni. Usiku wakilia nawabembeleza, wakinyamaza nawasha redio. Kisha shule zikafunguliwa.

Jioni Minza akatoka kwa Mama Bhoke, akapenya kati ya miguu ya watu mpaka nilipo. "Baba, nani amekufa?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikasema, "Mama yako."

Akanitazama kama ninavyomtazama mteja aliyesahau suruali ni yake. "Lakini mama alikufa zamani."

"Najua. Baba alikuwa hajapata nafasi."

Akafikiri. Akanipitishia kiganja kwenye upara, mbele na nyuma. Halafu akasema, "Basi lia. Mimi nitakaa mlangoni wasikugongee."

Mlango ulikuwa wazi, na mtaa mzima ulikuwa uani. Hata hivyo alikwenda, akamwaga maji ya beseni, akalipindua, akalikalia pale kizingitini, na kila aliyetaka kupita alimwinulia mkono kama askari wa barabarani, akamwambia, "Ngoja kwanza. Baba yangu ana jambo."

Mdogo wako,
Bartholomeo